Nani amsomeshe mtoto dini Nairobi: madrasa ya mtaani, ustadh wa nyumbani, shule ya mitaala miwili au simu?

Nairobi haina uhaba wa mahali pa kumsomeshea mtoto dini. Kuna madrasa ya msikitini, kuna ustadh anayekuja nyumbani, kuna shule za Kiislamu zinazosomesha mtaala wa serikali na Qur'ani chini ya paa moja, na siku hizi kuna mwalimu aliye Mombasa au Kairo anayeonekana kwenye kioo cha simu. Wazazi wengi huchagua kati ya hizi nne kwa swali moja: mtoto atashika msahafu lini? Swali ni la haki, ila linapima nusu ya kazi. Herufi na tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, ni za mwalimu. Kuamka alfajiri bila kuburutwa, kumtaka radhi mdogo wako uliyemsukuma, kula kwa mkono wa kulia hata bibi akiwa haangalii, hayo hayana mwalimu wa kulipwa.

Ndiyo maana mimi nazilinganisha kwa kipimo kingine: njia hii inaiachia nyumba saa yake ya magharibi, au inaimeza?

Saa ya magharibi ni mtaji

Mji wetu uko karibu mno na Ikweta, na jua halituhangaishi. Mwaka mzima magharibi huingia kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni hivi, na isha hufuata baada ya dakika kama 70. Mwislamu wa London hana neema hiyo. Kiangazi isha yake huingia watoto wakiwa wameshalala zamani. Sisi tuna saa moja na ushei, ileile Januari hadi Disemba: mtoto ametoka shule, mzazi mwenye bahati ameshashuka matatu, chakula kiko mekoni. Hakuna wakati mwingine wa siku ya Nairobi ambapo nyumba nzima hukutana ikiwa macho. Asubuhi ni vita vya soksi na basi la shule.

Na dini yenyewe inaonyesha kwamba mafunzo mengi ya mtoto hutokea katika nyakati kama hizo. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto akilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka kila upande wa sinia. Mtume akamwambia: ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho karibu nawe. Bukhari na Muslim wameipokea. Umar mwenyewe akasema kwamba tangu hapo ndivyo alivyokula. Darsa la mambo matatu, pumzi moja, chakula kikiwa mbele. Huwezi kulipeleka darsa hilo madrasa, kwa sababu sinia liko kwako.

Sasa tuzipime.

Madrasa ya mtaani

Kwa anayeishi Pumwani Majengo, Makina kule Kibra, Eastleigh, South C, au popote ambapo mtoto anaweza kutembea kwa miguu hadi msikitini, sioni sababu ya kuanzia kwingine. Kwa kawaida watoto huingia baada ya shule na kutoka kabla ya magharibi au mara tu baada ya kuiswali, na asubuhi za Jumamosi na Jumapili huwa na kikao kirefu zaidi. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka huongezewa vipindi. Ada huwa ndogo, na kamati nyingi husikiliza mzazi akisema hana.

Faida kubwa ya madrasa haimo katika ada. Ni wenzake. Mtoto anayesoma peke yake huona swala kama amri ya mama. Mtoto anayesoma na wengine 20, wanaoshindana nani amefika Surat An-Naba, wanaocheka mwenzao akikosea "dhwad" na wao wenyewe wakikosea dakika inayofuata, huiona dini kama jambo ambalo watu wa rika lake wanalifanya. Katika mji ambapo darasani huenda yeye ndiye Mwislamu pekee, hilo lina uzito kuliko idadi ya sura.

Madhaifu yake yanajulikana. Mwalimu mmoja, watoto wengi, viwango mchanganyiko. Zamu ya mtoto wako kusomeshwa huenda ikawa dakika tatu, muda uliobaki anasoma kwa sauti na wengine au anavuta ukili wa mkeka. Ukihama mtaa, mara nyingi mtoto anarudishwa mwanzo wa kaida, kile kitabu cha kuanzia herufi, kwa sababu kila madrasa ina mpangilio wake. Na kuna jambo ambalo wazazi wa Eastleigh hulikuta: katika duksi, yaani madrasa za Kisomali, herufi hutamkishwa kwa mfumo wa tahajia ulioasisiwa karne nyingi zilizopita na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, "alif la kordhabay" na mengineyo. Ni mfumo mzuri, umewafikisha watu mbali. Lakini mama wa Kiswahili aliyezoea "fataha, kisira, dhumma" hataweza kumsikiliza mtoto akidurusu jioni. Kabla ya kuandikisha, kaa nyuma ya darasa nusu saa usikie unachosikia.

Uliza pia kuhusu fimbo, na usione haya kuuliza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko kwa mwanafunzi, na sheria hiyohiyo inazitaja duksi na madrasa kwa majina, kwa hiyo "hapa ni dini, si shule" si jibu. Wenye kuitetea fimbo hutaja hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba na kuwapiga wakifika kumi. Wanaisoma kuanzia katikati. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu, swala tano kila siku: zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa ulimi tu. Na hata baada ya hapo wanazuoni wameweka masharti, ya kutojeruhi na kutogusa uso. Mwalimu anayeshika kiboko kwa mtoto wa miaka sita aliyesahau Al-Qariah hana hadithi ya kuegemea.

Njia ya kuuliza haina ukali wowote: "Assalamu alaykum ustadh. Tunaomba kujua, mtoto asipohifadhi hufanywa nini hapa?" Jibu lake, na zaidi ya jibu namna anavyolitoa, litakwambia mengi.

Saa ya magharibi: madrasa inayofungwa kabla ya adhana, au inayowaswalisha watoto kisha kuwaachia mara moja, haiigusi. Ile inayowaweka hadi isha siku tano za wiki, fikiria mara mbili, hata kama inasifika.

Ustadh wa nyumbani

Hapa mtoto anapata dakika zote. Mwalimu mzuri husikia kwamba mtoto anachanganya "ha" ya kooni na "ha" ya kifuani, akasimama hapo hadi inyooke. Madrasa yenye watoto 40 haiwezi. Kwa mtoto aliyekwama, aliye na haya, au aliyeanza kuchelewa akiwa na miaka kumi na hataki kukaa na wa miaka mitano, hii ndiyo njia. Kwa msichana mkubwa, ustadha, mwalimu wa kike, anayekuja nyumbani ni baraka, na wapo wengi kuliko watu wanavyodhani. Waulize akina mama wa darsa la msikiti wenu.

Gharama yake kwa saa ndiyo kubwa kuliko zote, na gharama isiyosemwa ni barabara. Ustadh mwenye nyumba tano za kuzunguka, akitoka Eastleigh kuja Embakasi kwa Outer Ring au kwenda Syokimau kwa Mombasa Road, atakuahidi saa 11 jioni na atafika adhana ikilia. Mvua ikinyesha hafiki. Basi saa yenu ya magharibi inakuwa yake: mtoto yuko mezani na juzuu, mama amejifungia chumbani kwa sababu kuna mgeni, wengine wanazungumza kwa kunong'ona. Nyumba iliyolipa pesa ili iwe ya dini zaidi imepoteza ule wakati ambao ingekuwa na dini pamoja. Dawa yake ni rahisi: mwombe Jumamosi na Jumapili asubuhi, vipindi virefu, badala ya jioni nne fupi.

Mambo mawili mengine. Darsa liwe sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwepo, na hili lisemwe siku ya kwanza kwa heshima: "Ustadh, nyumba hii watoto husomea sebuleni." Mtu mwema hatachukia. Na umfahamu kupitia imamu wa msikiti anaoswali, si kupitia tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima.

La pili ni madhehebu. Waswahili na Wasomali wengi wa Nairobi ni Mashafii, familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi ni Mahanafi, na wapo walimu waliosoma Madina ambao hawajifungi na madhehebu moja. Mtoto wa miaka minane akifundishwa na baba kusoma dua ya kunuti katika kila swala ya alfajiri, kisha ustadh akamwambia aiache, atakachojifunza ni kwamba mmoja wao ni mwongo. Zungumzeni wenyewe watu wazima kabla ya mtoto kukaa kitako. Hali kadhalika maulidi: kuna madrasa zinazoyasoma kwa dufu na kuna zinazoyakataa, na ni afadhali ujue mapema uko upande gani wa mlango.

Shule ya mitaala miwili

Kwa wazazi wanaotoka Donholm au Utawala alfajiri na kurudi saa 2 usiku, shule inayosomesha mtaala wa serikali na Qur'ani pamoja huondoa safari ya pili. Mtoto anaswali adhuhuri na wenzake bila kuomba ruhusa, hijabu si mjadala, na Ramadhani ratiba inasogea. Haya si madogo. Katika shule za kawaida somo la Dini ya Kiislamu, IRE kama watoto wanavyoliita, limo kwenye mtaala, lakini kama hakuna mwalimu wake mtoto huweza kujikuta amekaa kwenye CRE, somo la Dini ya Kikristo, mwaka mzima. Na hata akilipata, IRE humfundisha habari za dini kwa ajili ya mtihani. Kuusoma msahafu ni kazi nyingine.

Ila msinunue jina la Kiarabu kwenye geti. Ombeni ratiba ya wiki ya darasa lenyewe, mhesabu vipindi vya Qur'ani, muulize vipindi hivyo hupewa nani mitihani ikikaribia. Pale ambapo kila muhula wa pili kipindi cha hifdhi, cha kuhifadhi Qur'ani, kinageuka kuwa cha hesabu, mmelipa ada ya mitaala miwili kwa mtaala mmoja. Angalieni pia walimu wa dini wanakaa chumba kimoja cha walimu na wenzao au wamewekewa kona yao. Watoto husoma heshima hiyo kabla hawajasoma alifu.

Hatari ya njia hii inatokana na ubora wake. Shule ikiwa nzuri, nyumba hustarehe. "Shule inashughulikia." Saa ya magharibi iko huru kabisa kwenye karatasi, lakini mtoto aliyepandishwa gari saa 11 na nusu alfajiri na kushushwa saa 11 jioni ameshachoka, kazi ya nyumbani inamngoja, na mzazi anaona kumwita kwenye mkeka ni kumwonea. Wenye kuchagua shule hizi ndio wanaohitaji kujilazimisha zaidi, japo kwa robo saa tu.

Simu

Nitapita haraka. Mwalimu wa mtandaoni humfaa mtoto ambaye tayari anasoma na anahitaji wa kumsikiliza, kuanzia miaka tisa hivi. Ni nafuu, haina nauli, na unaweza kumpata ustadha mahiri hata kama mtaani kwenu hayupo. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba siipendekezi: makhraji, yaani mahali kila herufi inapotokea, yanataka kuonekana mdomoni, sauti ya bando dhaifu huila "sin" na "swad" zikafanana, na kioo hichohicho ndicho chenye katuni. Mwalimu asiyejua Kiswahili ataeleza hukumu za tajwidi kwa Kiarabu au Kiingereza, na mtoto atatikisa kichwa tu.

Wanaosoma na walimu wa Misri wakumbuke kwamba wenzetu hubadilisha saa. Nusu ya mwaka wako nyuma yetu kwa saa moja, nusu nyingine tuko sawa. Kipindi kilichopangwa kwa saa ya Kairo kikaangukia saa 11 jioni yetu kitasogea msimu ukigeuka hadi saa 12, na hapo magharibi imeingiliwa.

(Tahfidhi za bweni, shule za kuhifadhi Qur'ani, sizilinganishi hapa. Huo ni uamuzi wa kumtoa mtoto nyumbani, na una maswali yake.)

Kwa ufupi wa macho

| | Madrasa ya mtaani | Ustadh wa nyumbani | Mitaala miwili | Simu |
|---|---|---|---|---|
| Humfaa zaidi | anayeweza kwenda kwa miguu | aliyekwama au aliyechelewa | wazazi wanaorudi usiku | anayesoma tayari |
| Gharama isiyosemwa | kurudishwa mwanzo ukihama | foleni za barabarani | uchovu wa mtoto | mtu mzima wa kukaa naye |
| Wenzake | wengi | hakuna | wengi | hakuna |
| Saa ya magharibi | salama ikifungwa mapema | hatarini jioni, salama wikendi | huru lakini mtoto hoi | humezwa ukizembea |

Saa yenyewe ifanye nini

Ukiwa umeilinda, usiigeuze madrasa ya pili. Adhana, udhu, swala ya jamaa hata kama jamaa ni mama na watoto wawili kwenye mkeka mmoja. Mdogo akipanda mgongoni wakati wa sijda, aachwe, Mtume (s.a.w.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda, na aliswali akiwa amembeba mjukuu wake mwingine, Umama binti Zaynab. Kisha dakika kumi za kudurusu alichosoma kwa mwalimu. Kumi zinatosha. Juzuu Amma ina sura 37, nyingi fupi, na mtoto anayerudia sura mbili kila jioni huizunguka yote chini ya wiki tatu.

Mzazi asiyesoma Kiarabu anaweza kusikiliza akiwa ameshika tarjuma. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilichapishwa hapahapa Nairobi mwaka 1969, na Kiswahili chake kinasomeka hata na kijana wa sekondari. Someni aya za Luqman akimwusia mwanawe, Surat Luqman kuanzia aya ya 13, mkaishie pale penye kupunguza sauti. Siku hiyo nyumbani itakuwa na kicheko, maana kila mtu atamnyooshea mwenzake kidole.

Mengine huja yenyewe kwenye chakula. Kwa nini jirani yetu Mama fulani anaenda kanisani na sisi hatuendi, na mbona tunapelekeana vyakula sikukuu? Je, keki ya siku ya kuzaliwa darasani iliwe? Askari wa geti asiye Mwislamu asalimiwe vipi? Haya ndiyo maswali ya mtoto wa Nairobi, na kitabu cha kaida hakiyajibu. Mwezi wa Ramadhani ukifika, funga ya nusu siku inaruhusu kuanza mapema bila kumtesa. Ar-Rubayyi' binti Mu'awwidh amesimulia kwamba siku ya Ashura waliwafungisha watoto, na wakilia kwa njaa waliwapa vinyago vya sufi wachezee hadi wakati wa kufuturu. Kumbe hata masahaba walihitaji cha kumtuliza mtoto saa 10 jioni.

Nani achukue ipi

Uliye karibu na madrasa inayofungwa kabla ya adhana, chukua hiyo, na pesa ya ustadh itie kwenye maziwa. Uliye mbali, Umoja ya ndani au Kasarani, madrasa ya Jumamosi na Jumapili pamoja na dakika kumi za kila jioni itamfikisha mtoto mbali kuliko ustadh wa jioni anayekwama barabarani. Mtoto akikwama mahali, mlete ustadh kwa muhula mmoja kumkwamua, kisha umrudishe kwa wenzake. Shule ya mitaala miwili ichukuliwe na mwenye kuimudu bila kukopa na aliyekwisha kuiona ratiba kwa macho yake.

Mama aliyesilimu na analea peke yake, hapa ningebadilisha mpango wote: ustadha wa nyumbani, wikendi, awasomeshe mama na mtoto kitako kimoja kwa kaida moja. Ada ni moja, na mtoto anamwona mtu mzima akikosea "ain" na kurudia bila aibu.

Wanaobaki ni wale ambao saa ya magharibi hawana kabisa: muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa matatu, mwenye duka Gikomba anayefunga giza likiingia. Kwao kipimo changu hakisaidii kama kilivyo. Wahamishie saa hiyo kwenye alfajiri ya Jumapili, au wamkabidhi bibi, shangazi au jirani wa msikitini ambaye mtoto ataswali magharibi kwake, na mzazi ampigie simu mtoto baada ya isha amsomee sura aliyoidurusu.